Mdogo Wangu, Biskuti ya Umuganura Haitaki Pupa

Sogeza kigoda, mdogo wangu, ukae hapa karibu nami tuongee. Julai inayoyoma, vumbi la kiangazi limeshatanda juu ya mabati ya Kamembe, hapa kwetu Rusizi, Rwanda, na mimi najua kinachokukosesha usingizi hata kabla hujafungua mdomo. Umuganura, sikukuu yetu ya mavuno, unakaribia. Umeshawaahidi watoto biskuti za maumbo, na moyoni una hofu kwa sababu za mwaka jana zilikuaibisha.

Usione haya kuniambia. Si wewe peke yako. Mwaka jana mmoja wenu alinijia jioni, macho mekundu, kitenge kimejaa unga. Alikuwa amekopa pesa ya siagi. Alikuwa ameona kwenye simu biskuti za maboga na majani mekundu zilizookwa na ndugu zake walio ughaibuni, naye akataka zake zifanane na zile, nukta kwa nukta. Akakanda saa sita mchana jua likiwaka, akasukuma hapohapo, akakata hapohapo, akazitia kwenye moto unaonguruma. Boga likatandawaa. Jani likapoteza ncha zake. Zote zikashikana zikawa kitu kimoja kama mkate wa sinia, juu nyeusi, katikati mbichi. Wifi yake akachungulia, akacheka, akaenda zake.

Alipokuwa akilia, nilijua halilii biskuti. Unga ni unga, ukiungua unanunua mwingine. Alilia kwa sababu alijiona amedharauliwa mbele ya watu wa mumewe. Na kile kicheko cha wifi kilimkaa kifuani wiki mbili nzima. Nilimshika mkono nikamwambia neno ambalo nawe nataka ulishike: mikono yako haina kosa. Kilichokuponza ni pupa, na hiyo pupa imezaliwa na kutaka kuonekana. Wahenga walishasema, mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Sasa vumilia nikuseme kidogo, maana asiyekusema hakupendi. Hayo maboga na majani mekundu uliyoyaona kwenye simu, umejiuliza yametoka wapi? Huko Marekani na Ulaya, kuanzia Septemba hadi Novemba miti hubadilika rangi na kupukutisha majani, na maboga huwa yamejaa mashambani. Wamarekani wana siku yao ya shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Basi mama wa kule anapokata biskuti sura ya boga au jani, anakata anachokiona dirishani kwake. Anaoka mavuno yake. Wewe uliye Rusizi unaoka mavuno ya nani? Novemba kwetu ni umuhindo, mvua inanyesha, jembe liko mkononi, maharage bado yako shambani. Usiache mbachao kwa msala upitao, mdogo wangu.

Sisi siku yetu ya mavuno tunayo, na ina heshima yake. Ni Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Zamani hizo, kabla mfalme hajaonja mavuno mapya ya mtama na ulezi, hakuna aliyeyagusa. Akishaonja yeye, ndipo nchi nzima ikala. Wabelgiji waliifuta sherehe ile mwaka 1925, kwa kuwa walielewa kwamba watu wanaokula pamoja chini ya mfalme wao si rahisi kuwatawala. Lakini majumbani kumbukumbu haikufa, na tangu 2011 Umuganura umerudi kuwa sikukuu ya taifa zima. Mtama hupikwa, maziwa huletwa, watoto hupewa wanywe mbele ya wakubwa. Kitu kilichopitia hayo yote kikarudi, wewe unakipambia boga la watu? Hapana. Kipambe kwa vitu vyake.

Na vitu vyake ni vingi, tazama tu. Chukua nembo ya taifa, hii tuliyonayo tangu 2001, uiangalie taratibu: kuna suke la mtama, kuna mti wa kahawa, kuna kikapu cha agaseke chenye mfuniko uliochongoka. Hayo tayari ni maumbo matatu. Kahawa hiyo ina sababu ya kuwa kwenye sinia lako kuliko la mtu mwingine yeyote, kwa sababu ilipandwa kwanza Rwanda hapahapa kwetu Mibirizi, na wamisionari, mwanzoni mwa karne ya 20. Ongeza samaki, maana Ziwa Kivu ndilo linalotulisha. Ongeza kile chombo cha maziwa chenye shingo nyembamba, icyansi. Ongeza ng'ombe wa inyambo ukitaka, ila nakuonya: pembe zake zifanye fupi na nene. Pembe ndefu ikitoka motoni huvunjika mtoto anapoishika tu, naye ataanza kulia kabla sherehe haijaanza.

Utaniuliza, dada, vikatio nitapata wapi? Vile vya dukani ni nyota na mioyo tu. Nenda kwa fundi bati, yule anayetengeneza karai na taa za kibatari, mchoree suke au kikapu kwenye karatasi, naye atakukunjia kipande cha bati. Mwambie ukingo wa juu aukunje usikate vidole vya watoto. Ukikosa hata hilo, kata umbo kwenye karatasi ngumu, liweke juu ya unga uliosukumwa, upitishe ncha ya kisu kuzunguka. Ule msuko wa kikapu unauchora kwa uma. Punje za mtama unazitoboa kwa ncha ya kijiti. Hakuna aliyekuja duniani na kikatio mkononi.

Tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo wengi wenu mnapojikwaa. Usikope kwa ajili ya biskuti. Nasema tena, usikope kwa ajili ya biskuti. Umuganura ni siku ya kuonyesha ulichovuna, na deni si mavuno. Mtu akikopa mwezi wa saba kununua siagi, mwezi wa tisa shule zinafunguliwa, anamkwepa mwenye duka, anapitia njia ya nyuma kama mwizi, na ile biskuti iliyoliwa dakika mbili inamtafuna miezi miwili. Kama siagi ni ghali, tumia majarini. Kama majarini haitoshi, punguza kila kitu nusu, uoke ishirini badala ya arobaini. Biskuti ishirini zilizookwa kwa moyo mtulivu ni nyingi kuliko arobaini za wasiwasi.

Haya, andika vipimo. Unga wa ngano gramu 250. Unga wa mtama gramu 125, uliochekechwa vizuri, na kama mtama huo ni wa shambani kwenu, hapo ndipo baraka ilipo. Siagi au majarini gramu 200. Sukari gramu 150. Yai moja. Chumvi nusu kijiko cha chai, iliki iliyotwangwa kijiko kimoja cha chai. Huna mizani? Muombe mwenye duka akupimie. Hapo utapata kama arobaini za ukubwa wa kiganja cha mtoto.

Umeona sikutaja hamira wala baking poda. Hujanisikia vibaya. Wengi wenu mnatia baking poda kwa mazoea ya keki, kisha mnashangaa samaki ametoka amevimba kama chura. Biskuti ya umbo haitakiwi kuumuka. Inatakiwa itoke motoni jinsi ulivyoiingiza.

Na usije ukajifanya shujaa ukaoka kwa mtama mtupu. Unga wa ngano una ule mvutano unaoshika donge pamoja, ndiyo maana chapati huvutika. Mtama hauna. Ukitumia mtama peke yake, donge litakatikakatika ubaoni, suke litabaki chenga, nawe utanung'unika kwamba nafaka ya babu zako ni mbaya. Si mbaya. Inahitaji mwenzake wa kuishika mkono, kama wewe na mimi. Sehemu moja ya mtama kwa mbili za ngano, zitaelewana.

Piga siagi na sukari mpaka vilainike, tia yai, tia iliki na chumvi, kisha unga kidogo kidogo. Ukishaona donge limeshikana, acha. Acha, mdogo wangu! Hili si donge la chapati la kukandwa kwa nguvu za hasira. Ukilikanda mno, biskuti itakuwa ngumu, na umbo litajivuta lijikunje likiwa motoni. Kama una hasira na mtu, nenda kafue nguo kwanza.

Kisha ufanye lile ambalo mwenzio wa mwaka jana hakulifanya. Lifunike donge, uliweke mahali pa baridi, lipumzike saa moja au mbili, hata usiku kucha. Najua unataka kumaliza, najua watoto wanakuzunguka wakiuliza bado, bado. Lakini sikia kinachoendelea humo ndani. Mtama hunywa maji polepole, na usipoupa muda, biskuti itasagika mdomoni kama mchanga. Siagi nayo ikiwa vuguvugu, inayeyuka mara tu inapoona moto, kabla unga haujapata kushikamana, ndipo umbo linatandawaa. Siagi ikiwa ya baridi, inachelewa kuyeyuka, unga unatangulia kukauka, umbo linasimama. Siri yote ni hiyo. Samaki mkunje angali mbichi, na biskuti ikate ingali baridi.

Uliye na friji, una bahati. Usiye nayo, weka sufuria ya donge ndani ya karai la maji baridi, funika kwa kitambaa kibichi, uliache kivulini usiku. Hapa Kamembe juu alfajiri ni baridi, hewa inapanda kutoka ziwani, saa kumi na moja donge litakuwa limeshikamana vizuri. Lakini wewe wa Bugarama, nakusema kwa jina la mahali pako. Bonde la mto Rusizi ndipo pa chini kabisa Rwanda nzima, mita 950 tu juu ya usawa wa bahari, na joto lake unalijua. Saa tatu asubuhi siagi yako imeshakuwa mafuta. Amka mapema, umalize kukata kabla jua halijapanda. Na kwa vile ninyi ni watu wa mpunga, badilisha ule mtama uweke unga wa mchele wa kwenu. Zanzibar na mwambao wote hutengeneza vileja vya unga wa mchele, samli na iliki, huvila sikukuu za Idi, na hakuna anayesema ni chakula cha unyonge. Mcheza kwao hutunzwa.

Ukianza kusukuma, nyunyizia ubao unga kidogo tu, maana unga mwingi hukausha biskuti. Usisukume nyembamba kama chapati. Nusu sentimita, kama nusu ya unene wa kidole chako cha mwisho kikilala, hapo ni sawa. Chovya kikatio kwenye unga, bonyeza moja kwa moja, usikizungushe. Yaliyobaki pembeni yakusanye, uyapumzishe tena kabla ya kuyasukuma mara ya pili. Maumbo yaliyokatwa yalaze kwenye trei yakiachana upana wa kidole, na kama joto limepanda, yaweke tena pa baridi robo saa kabla ya kuyaoka.

Moto sasa. Mwenye oveni aweke digrii 180, aoke dakika 10 hadi 12. Wengi wetu tuna imbabura, jiko la makaa, na inaoka vizuri ukiiheshimu. Chukua sufuria nzito, tandaza mchanga mkavu uliochekechwa, unene wa vidole viwili, funika kwa mfuniko wa bati wenye makaa juu, acha ipate moto dakika ishirini. Halafu uupime moto wako: nyunyiza unga kidogo kwenye kisahani cha bati, kiweke humo dakika tano. Ukiwa wa rangi ya dhahabu, moto ni sawa. Ukiwa wa kahawia iliyoiva, ni mkali, ondoa makaa ya chini. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, maana chini ndiko kunakoungua wewe ukiangalia juu. Biskuti zako ni za mtama, nyeusinyeusi tangu zikiwa mbichi, kwa hiyo usingoje rangi ibadilike. Angalia ukingo, ukikakamaa, toa. Katikati patakuwa laini bado, nawe utaogopa. Usiogope. Zikipoa zitakaza.

Na hapa sicheki nawe hata kidogo. Usiingize jiko la mkaa ndani ya nyumba ukafunga madirisha, eti upepo wa ziwa unazima makaa. Moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu, humlaza mtu usingizi akawa haamki. Okea nje, au jikoni mlango ukiwa wazi. Biskuti zisizokaa sawa zitasahaulika kesho. Mtoto aliyelala hivyo hasahauliki.

Mapambo yasikutoe jasho. Saga sukari iwe kama unga, ikoroge na matone machache ya maziwa au ya ndimu mpaka iwe nzito, imwagike polepole kwenye kijiko. Nyeupe hiyo ni ya chombo cha maziwa. Bizari ya manjano kidogo sana itakupa rangi ya kikapu. Maji ya kiazi chekundu, kile cha saladi, yatakupa rangi ya tunda la kahawa lililoiva. Pamba biskuti zikiwa zimepoa kabisa. Zikiwa moto sukari itateleza, nawe utarudi kulekule kwa pupa niliyokukataza.

Kuhusu watoto, hebu nikuulize. Biskuti hizi unawaokea wao, au unaokea picha? Nimeona mama akimfukuza mwanawe jikoni, toka, utaniharibia, na yule mtoto akasimama mlangoni akinusa harufu ya iliki asiruhusiwe hata kugusa unga. Biskuti zilitoka nzuri kweli. Lakini mtoto yule, ukimuuliza leo Umuganura ni nini, atakuambia ni siku mama alipokuwa mkali. Mpe kipande chake cha donge, akate samaki wake mwenye mkia mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Akikata suke la mtama mwambie ni la shamba gani, bibi alilipandaje. Mambo mengi ya ukoo huingia kwa mtoto mikono yake ikiwa na kazi.

Sasa nifike kwenye lile ninalotaka hasa kukuambia. Kinyarwanda kina neno kuganuza: kumwonjesha mavuno yule ambaye yeye hakuvuna. Huo ndio moyo wa siku yenyewe. Umuganura hauishi mlangoni kwako. Pale mtaani kwenu kuna ambaye mvua ilimchukulia shamba la mlimani. Kuna mjane ambaye mwaka huu hakuwa na wa kumlimia. Kuna kijana aliyeondoka kwao, anapanga chumba peke yake, sikukuu kwake ni siku ndefu. Kabla hujapanga zile nzuri kwenye sinia la wageni, tenga za hao kwanza. Na usiwatengee zilizovunjika. Mtu anajua anapopewa makombo, hata akisema asante.

Kwa kuwa siku hiyo ni Ijumaa, majirani zetu Waislamu watakuwa msikitini adhuhuri. Sahani yao ipeleke baada ya sala, ukiwakuta wametulia. Wahakikishie umetumia majarini au siagi ya ng'ombe, wale wakiwa na amani. Wao Idi hukuletea pilau bila kukuuliza dini yako, usijifanye umesahau. Wazee wa hapa husema, akebo kajya iwa Mugarura, kikapu huenda kwa yule anayekirudisha. Ndiyo maana nilikuambia ukate umbo la kikapu. Kila atakayelishika atakuwa ameshika methali hiyo mkononi.

Na kama nawe una wifi aliyecheka? Mpelekee naye. Najua unavuta mdomo. Mpelekee, mdogo wangu, tena vikapu vilivyotoka vizuri zaidi, umkabidhi kwa mikono miwili, usiseme neno la mwaka jana. Kinyongo ukikilea mwaka mzima, kitakula na wewe mezani Umuganura huu na ujao. Yule mwenzio alifanya hivyo wiki mbili baada ya kunililia, na wifi yake akamwambia polepole kwamba yeye hata kusukuma unga hajawahi kujua, alicheka kuficha. Sasa wanakanda pamoja.

Basi inuka, jioni inaingia. Kanda Alhamisi usiku, lala, ukate alfajiri ya Ijumaa kabla nyumba haijaamka. Ukishatoa trei ya kwanza, usiipige picha kwanza. Vunja moja vipande, wape walio karibu nawe waonje, kama mavuno yanavyoonjwa. Halafu nunua au uombe sahani ndogo, uweke za jirani, uvae kitenge chako, uende ubishe hodi.